Kifungo

Tanga wanasema, waja leo waondoka leo.
Deni langu halikusikia.
Lilikuja mwaka ule shule tatu zilipochukua sare
na kunilipa kwa ahadi;
likavua viatu mlangoni, likakaa.

Dalali alisimama Barabara ya Nane, saa nne asubuhi,
juu ya kreti la soda,
akauza vyerehani kumi na kimoja,
pasi, meza ya kukatia,
marobota ya kaki na ya bluu ya sekondari,
hata kioo ambamo watoto walijitazama
kola zao za kwanza.
Aliyenunua kioo ni jirani.
Simlaumu. Kiliuzwa rahisi.

Mahakamani waliniita mufilisi kwa sauti ya kawaida,
kama wanaita Mwanamkasi Shekue.
Nikadhani ni neno la siku moja,
linasomwa, faili linafungwa, watu wanakwenda kula.
Sikujua kuna daftari jingine
lisilo na jalada wala vumbi,
ambalo mwenye kukopesha hulifungua
kabla hajaitikia salamu yako.

Mwaka wa kwanza nililionja kwenye simu.
Niliomba elfu ishirini, dawa ya mjukuu.
Ikajibu kabla sijameza mate:
Samahani, hujakidhi vigezo.
Hata simu!
Niliyoinunua mwenyewe, taslimu.

Mwaka wa pili muuza friji kwa awamu
alinitazama, akatazama kompyuta,
akaikunja fomu yangu mara nne.
Wa tatu sikuomba kitu.
Wa nne nilikaa kibarazani na cherehani cha kuazima,
nikigeuza kola zilizochakaa,
nikifupisha suruali za marehemu ziwatoshe warithi.
Wanawake wa kikoba wakanikabidhi ufunguo mmoja
wa sanduku lenye kufuli tatu.
Hilo halikuandikwa popote.

Na lile deni la mwisho, la kampuni ya mikopo,
nililimega kama anayekula mfupa:
elfu tano, elfu saba,
siku moja elfu mbili, keshia akacheka.
Dawa ya deni kulipa, nami niliinywa yote,
mpaka nikapewa risiti yenye muhuri,
nikaitia kwenye kopo la vifungo
ambalo dalali hakulipekua.

Jana, mwaka wa saba, nikaenda benki.
Kijana mwenye jina la Semkiwa kifuani
akanigeuzia kompyuta nijisome.
Sikuwahi kujisoma.
“Hili la kufilisika, mama, limezeeka.
Bado lipo, ila halipigi kelele kama zamani.
Linalouma ni hili la chini.”
La chini: laki tatu na nusu, halijalipwa.
Herufi zake nadhifu kuliko mshono wangu.

Miaka mitatu nimelipa deni
na miaka mitatu linanitangaza.

Usiku nikamwaga kopo juu ya mkeka.
Vyeupe vya mashati, vya kaki,
kimoja cha koti la mwalimu mkuu
aliyekufa na pesa zangu, Mungu amrehemu,
na chini kabisa karatasi,
wino umekuwa rangi ya chai ya mkandaa,
muhuri bado unasomeka ukiuelekeza kwenye taa.

Kuna kifungo cha shati na kifungo cha jela.
Wazee waliotupa lugha hawakuona haja
ya kuvitenganisha.

Leo nimeipeleka. Semkiwa ametoa nakala,
akasema wenye daftari wataulizana, tusubiri.
Siku ngapi?
Akainua mabega. Angalau hakudanganya.

Nikarudi kwa miguu,
ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, jua la utosi,
hadi ya Nane, ambako duka langu sasa
linauza vifuniko vya simu.
Nikaingia kwa jirani.
Kioo kipo ukutani, kona moja imemeguka.
Nikajitazama kola.
Nikamuuliza anakiuza bei gani.
Akacheka.
Mimi sikucheka.